Ramani ya tiyo za mayi iko mu kichwa cha wazee

Ndugu mchimbaji unayetoka Manono ao Nyunzu kuja kutazama jamaa yako Kalemie, wewe unajua neno carré. Tangu Code minier ya 2002, Cadastre minier inahesabu permis kwa ma-carré, kila moja karibu hektari 85, na ku ordinatere wanakuonyesha permis ya nani inaishia wapi. Piga sururu ng'ambo ya mstari uone: mutu atakuja kukuuliza mbiombio.

Sasa uliza hapo kwako, mbele ya mlango: tiyo ya mayi inapita wapi?

Mwaka jana mu avenue yetu vijana walikuwa wanachimba mtaro kwa kazi ya kampuni moja. Wakakata tiyo ya zamani, ya chuma. Mayi ikamwagika tangu asubuhi, watoto wakifurahi, wamama wakikinga bidoni. Kutafuta vanne ya kufunga, hakuna aliyejua. Saa tisa wakaenda kumleta kwa pikipiki mzee mmoja, fontainier wa zamani. Hakufungua karatasi. Alitazama mwembe, akahesabu hatua, akasema: « Chimbeni hapa, bana bangu. » Vanne ilikuwa chini ya meza ya mama anayeuza ndagala.

Tulimpigia mzee makofi. Lakini mimi niliogopa. Siku ile atakufa, tutauliza nani? Mwembe?

Kolera tunaijua sote, haihitaji kuelezwa. Tiyo ikipasuka na mayi ikakatika, hakuna tena nguvu ya kusukuma, basi uchafu wa mtaro unaingia ndani. Mayi ikirudi, inausukuma mpaka mu kikombe cha mtoto. Mu 1854 kule London daktari John Snow alitia vifo vya kolera ku ramani, nyumba kwa nyumba, akaona vimezunguka bomba moja la Broad Street. Sisi tunaweza kuhesabu wagonjwa wa kila avenue, lakini kama mistari ya tiyo haiko kwenye ramani hiyo hiyo, tutasoma nini?

Na kazi yenyewe si uchawi. Plan za zamani zinapigwa picha kubwa na safi. Halafu unatafuta mahali ambapo hapakuhama, kama gare ao daraja, na unapima pale kwa GPS ili karatasi ikae sawa juu ya ardhi. Hapa lazima fundi, kwa sababu wapimaji wa zamani wa Katanga hawakutumia hesabu ile ya satelaiti. Usiposahihisha, tiyo inahamia kwa jirani. Kisha unachora kila mstari na kuandika: upana, chuma ao plastiki, mwaka, vanne iko wapi. Programu ya QGIS ni ya bure. Na majina! Karatasi nyingi bado zinasema Albertville, jina tuliloacha mu 1966, na avenue zake mtoto wa leo hazijui.

Ndiyo maana sikubali wale wanaofikiri drone inatosha. Drone haioni chini ya udongo. Baada ya kuchora, lazima kutembea kwa mguu na wafanyakazi wa zamani, avenue kwa avenue, na walipwe siku zao kama wataalamu. Soda na asante, hapana.

Watasema karatasi zimeliwa na mchwa ao na vita. Zingine, ndiyo. Lakini tazameni: mu 2025 kampuni ya Marekani, KoBold Metals, ilitaka kuingiza mu ordinatere karatasi za jiolojia za Kongo zinazotunzwa ku musée ya Tervuren, Ubelgiji, na maneno yakawa mengi. Karatasi za mawe zinagombaniwa mpaka Ulaya. Za mayi, nani anazigombania?

Mimi naomba mambo mawili tu. Kopi moja ibaki mairie, raia aweze kuiona. Na mtu yeyote asipewe ruhusa ya kuchimba mtaro kabla hajaitazama.

Yule mzee wa vanne amepita miaka 80, na mguu mmoja unamusumbua. Kutoka kwake mpaka mairie ni pikipiki moja tu.