ADUI YUKO CHINI YAO



Kuna hoja moja iliyozoeleka mno midomoni mwa watu hapa Kakonko, Kibondo na Kasulu, hata imevaa sura ya kweli. Husemwa hivi: adui akijificha kati ya wasio na hatia, basi wasio na hatia hawana budi kuumia pamoja naye. Wenye vyeo huisema, na waamini wetu wenyewe huisema wakiwa wamesimama nje ya kanisa baada ya Misa. Sisi tunaipinga. Na ili tuipinge kwa haki, tutaanzia pale ilipo na nguvu kuliko mahali pengine popote, yaani baharini, tarehe 12 Februari 1944.

Siku hiyo msafara wa meli tano zilizojaa watu, uliotoka Kilindini, Mombasa, ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi ukielekea Colombo. Ulisindikizwa na manowari tatu za Uingereza: Hawkins, ambayo ilikuwa kuukuu, pamoja na Petard na Paladin, nyepesi na ziendazo kasi. Katika bahari nyingine walinzi wa misafara walikesha wakipigana na ndege. Msafara uliopeleka shehena Malta mwezi Agosti 1942 ulishambuliwa na ndege, nyambizi na mashua za topido, mchana na usiku, na kati ya meli zake 14 za shehena zilifika 5 tu. Katika bahari yetu hatari ilitoka chini.

Ilipata saa nane na nusu mchana. Nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 iliipiga meli Khedive Ismail kwa topido mbili, nayo ikazama kabla ya dakika mbili kutimia. Ilikuwa imebeba watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, wengi wao Waafrika. Waliosalia ni mabaharia, maofisa, wauguzi na wanawake wengine wa huduma za kijeshi. Walio wengi hawakuwahi hata kufika sitahani. Waliookoka ni 214, yaani wanaume 208 na wanawake 6.

Lakini topido za Wajapani hazikuwaua wote. Paladin ilikwisha kuteremsha mashua ili kuwaopoa walioelea. Nyambizi nayo ilikuwa ingali pale pale, imejificha chini ya maji walimoogelea watu hao. Petard ikapita juu yake ikitupa mabomu yanayolipuka kilindini, na waliokuwa wameponyoka kwenye meli, wakishikilia vipande vya mbao na kudhani kwamba manowari ile inawajia kwa wokovu, wakauawa na mlipuko wa walinzi wao wenyewe. Nyambizi ikalazimika kuibuka. Ikapigwa mizinga, Paladin ikaumia ilipojaribu kuigonga, na mwishowe topido ya saba ya Petard ikaivunja. Pigano lilichukua zaidi ya saa mbili.

Hapo wenzetu husema: “Mnaona? Jemadari angefanya nini?” Tunakubali kwamba swali hilo ni zito. Meli nne zilizobaki zilikuwa na maelfu ya watu, na nyambizi hiyo ilikwisha kuzamisha meli nyingi katika Bahari ya Hindi. Mafundisho ya maadili tuliyofunzwa seminarini hutambua tendo lenye matokeo mawili, ambapo mtu hulenga jema naye huona mbele yake baya asilolitaka. Hatukuwa kwenye sitaha ya Petard, wala hatuthubutu kumhukumu aliyekuwa na dakika chache za kuchagua.

Tunachokataa ni kulifanya tendo la dakika chache liwe kanuni ya kutawalia watu nchi kavu. Wanaoipenda hoja hii huyataja mabomu ya Petard, wakazisahau mashua za Paladin. Walinzi wale, hata katikati ya hofu, walijua kwamba waliomo majini ni watu wao na kwamba kuwaopoa ni sehemu ya kazi yao. Je, mashua za wale watumiao hoja hii leo ziko wapi?

Tutazame karibu. Mwishoni mwa mwaka 1996 kambi za wakimbizi mashariki ya Zaire zilishambuliwa. Kweli, walikuwamo humo wenye silaha, walioua watu Rwanda mwaka 1994. Lakini walikuwamo pia akina mama, wazee na watoto wachanga, nao wakafuatwa mwituni kwa majuma na miezi, wakiuawa. Hiyo haikuwa dakika mbili baharini. Kwa muda wote huo palikuwa na nafasi ya kutenganisha mwenye bunduki na mwenye mtoto mgongoni.

Na hapa kwetu, mwaka 1997, wageni wengi walioishi nje ya kambi katika mkoa huu walikusanywa na askari wakapelekwa kambini kwa jina la usalama. Baadhi yao walikuwa wamekaa vijijini miaka mingi, wameoa na kuolewa, wana mashamba ya maharage na migomba. Hatusemi kwamba hatari haikuwapo. Sote twakumbuka jinsi mabasi yalivyovuka misitu ya Kakonko kuelekea Nyakanazi yakisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi. Tena abiria wa mabasi yale hawahitaji kufundishwa maana ya ulinzi: polisi hupanda basi ili abiria afike. Angemfuata jambazi porini akawaacha majeruhi barabarani, nani angemsifu?

Neno moja zaidi, kwa kuwa wazee wetu walipelekwa Bama wakiwa askari wa Keya, na hata leo zipo nyumba ambamo jina hilo halitamkwi bila kimya kufuata. Vijana wa Afrika Mashariki waliozama katika Khedive Ismail hawakuianzisha vita ile. Wengine katika jeshi lile waliingia kwa hiari wakitafuta mshahara, wengine walishurutishwa. Vitabu vingi vya vita vilivyoandikwa ng’ambo husimulia kwa kirefu jinsi nyambizi ilivyozamishwa, kisha vikawapa mstari mmoja wale waliokufa. Ndivyo ilivyo hata katika habari za kambi: tunaambiwa waasi wangapi wamekamatwa, wala hatuambiwi ni nani aliyetenganishwa na mkewe.

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo, kabla ya mwezi wa Marehemu, ziandike katika daftari moja majina ya ndugu waliokwenda Bama wasirudi, na majina ya jamaa zilizotenganishwa mwaka 1997. Katekista ayapokee, ayapeleke kwa Halmashauri ya Walei parokiani. Asiulizwe mtu dini yake, wala kabila lake, wala karatasi zake.