Antibiotiki si dawa moja: Kubahatisha kunavyomtia mfugaji hasara

Katika maduka mengi ya dawa za mifugo hapa nchini, mteja akiingia husema maneno machache tu: "Nipe dawa ya kuku, wanaharisha." Muuzaji naye haulizi mengi. Anatoa pakiti ya unga, anapokea fedha, na mfugaji anarudi nyumbani kuichanganya kwenye maji. Zikipita siku tatu bila nafuu, hurudi kununua pakiti ya rangi nyingine. Duka linauza, lakini banda linazidi kupungua kuku.

Kwa mtazamo wa kiuchumi, fedha hizo haziwezi kuitwa gharama za uzalishaji. Ni fedha za kubahatisha. Tatizo kubwa ni kwamba neno "antibiotiki" limezoeleka masikioni mwetu kana kwamba ni dawa moja yenye majina mengi ya kibiashara. Ukweli ni kwamba ni makundi kadhaa ya dawa, na kila kundi lina namna yake ya kumshambulia bakteria na lina bakteria ambao haliwawezi kabisa. Makala haya yanaeleza tofauti hizo na kuonyesha zinavyogusa mfuko wa mfugaji na wa mfanyabiashara.

Kwanza, adui ni nani?

Antibiotiki huua au kudhoofisha bakteria. Hazina kazi kwa virusi. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, pamoja na gumboro na ndui ya kuku ni magonjwa ya virusi. Hata mfugaji angenunua duka zima, hakuna antibiotiki itakayozuia mdondo. Kinachosaidia ni chanjo, na kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji ipo chanjo ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida na kutolewa kwa tone la jicho.

Kuhara damu nako husababishwa na vimelea vya koksidia, ambavyo si bakteria wala virusi. Hapo dawa zinazotumika ni kama amproliamu na baadhi ya dawa za salfa.

Kwa wafugaji wa ng'ombe, mfano mzuri ni magonjwa mawili yanayoshiriki jina moja. Ndigana kali na ndigana baridi yote huenezwa na kupe, lakini ndigana baridi husababishwa na bakteria na hutibika kwa OTC, yaani oksitetrasaiklini. Ndigana kali husababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, na tiba yake ni dawa kama buparvakwoni. Anayechoma penisilini kwa ng'ombe mwenye ndigana kali anapoteza fedha, na pia anapoteza siku ambazo ng'ombe huyo angeweza kuokolewa.

Makundi na kazi zake

Mwaka 1884 mtaalamu wa Denmark, Hans Christian Gram, alibuni rangi ya kupaka bakteria inayowagawa katika pande mbili. Wapo wenye ukuta mnene, ambao hushika rangi hiyo ya zambarau, na wapo wenye ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa mafuta kwa nje, ambao hawaishiki. Mgawanyo huo bado unatumika, kwa sababu utando wa nje huzuia dawa nyingi kupenya.

Kundi la kwanza ni la penisilini na ndugu zake, kama amoksilini. Dawa hizi huzuia bakteria kujenga ukuta wake, naye anapokua hupasuka. Penisilini ya kawaida ina nguvu zaidi kwa bakteria wa ukuta mnene, wakiwamo wa kimeta, wa chambavu na baadhi ya wale wa ugonjwa wa kiwele. Amoksilini hufika mbali kidogo zaidi. Lakini wapo bakteria waitwao maikoplazma, wanaosababisha homa ya mapafu ya ng'ombe na mafua sugu ya kuku, ambao hawana ukuta kabisa. Kumpa penisilini mnyama mwenye maikoplazma ni sawa na kutuma fundi akabomoe ukuta wa nyumba iliyojengwa kwa turubai.

Kundi la pili ni la tetrasaiklini, ambalo OTC na doksisaiklini zimo. Hizi huingia ndani ya bakteria na kusimamisha kiwanda chake cha protini. Hazimuui moja kwa moja, bali humzuia kukua na kuzaana ili kinga ya mnyama ikamilishe kazi. Zinagusa bakteria wengi wa pande zote mbili, na hata maikoplazma. Upana huo ndio uliozifanya zipendwe na pia zitumiwe ovyo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba madini ya kalsiamu huzishika tetrasaiklini tumboni zisifyonzwe vizuri. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi, hivyo sehemu ya dawa hiyo huishia kwenye kinyesi.

Kundi la tatu ni la makrolidi, kama tailosini na erithromaisini. Nazo husimamisha utengenezaji wa protini, ila kwa kushika sehemu nyingine ya kiwanda hicho. Hufaa kwa bakteria wa ukuta mnene na kwa maikoplazma, lakini kwa E. koli na Salmonella wa tumboni haziwezi kutegemewa.

Kundi la nne lina streptomaisini, jentamaisini na neomaisini. Hizi huvuruga protini za bakteria kiasi cha kumuua, na nguvu yake kubwa ni kwa wale wenye utando wa nje. Kasoro yake ni kwamba zikinyweshwa hazifyonzwi kutoka tumboni ila kidogo sana. Neomaisini ya kwenye maji inaweza kusaidia ugonjwa wa utumbo, lakini haifiki kwenye mapafu. Mfugaji anayeinunua kutibu kuku wanaokoroma anatibu mahali pasipo na ugonjwa.

Kundi la tano ni la fluorokwinoloni, kama enrofloksasini. Hizi huharibu vimeng'enya anavyotumia bakteria kupanga na kunakili vinasaba vyake. Ni kali kwa E. koli na Salmonella. Lakini ni ndugu wa karibu wa siprofloksasini anayopewa binadamu hospitalini, na bakteria akishazoea moja huelekea kuizoea na nyingine. Kwa sababu hiyo Marekani iliondoa enrofloksasini kwenye ufugaji wa kuku mwaka 2005.

Kundi la sita ni la salfa, ambazo humnyima bakteria uwezo wa kujitengenezea foliki, kirutubisho asichoweza kuishi bila hicho. Mara nyingi huchanganywa na trimethoprimu, inayoziba hatua nyingine ya kazi hiyo hiyo.

Kundi la saba ni la kolistini, inayotoboa utando wa nje wa bakteria. Kwa binadamu hii ni dawa ya akiba, inayotolewa nyingine zinaposhindwa. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kugundua kinasaba cha usugu dhidi ya kolistini kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, na walikikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. China iliacha kuruhusu kolistini kama kikuzaji mifugo mwaka 2017.

Wapo pia wafugaji wanaochanganya pakiti mbili au tatu wakiamini kwamba wingi ni nguvu. Penisilini hufanya kazi vizuri kwa bakteria anayekua, na tetrasaiklini humzuia asikue. Ukizitoa pamoja bila ushauri wa mtaalamu, unaweza kulipia dawa mbili ukapata nguvu pungufu ya moja.

Hesabu ya mfugaji

Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye kuku 500 wa mayai, wanaotaga kwa asilimia 80. Kwa siku anapata mayai 400, yaani trei 13 na ushee. Tuseme amewapa dawa ambayo maelezo yake yanataka mayai yasiuzwe kwa siku 7. Hapo mayai 2,800, au trei 93, hayapaswi kufika sokoni. Kila mmoja azidishe kwa bei ya trei mtaani kwake. Ataona kwamba gharama halisi ya dawa si bei ya pakiti, bali ni bei ya pakiti pamoja na trei hizo 93. Kama dawa haikuwa ya ugonjwa huo, aongeze kuku waliokufa. Zipo pia dawa ambazo maelezo yake yanakataza kabisa kuwapa kuku wanaotaga.

Wengi hukwepa hesabu hiyo kwa kuuza mayai na maziwa hayo hayo. Lakini hasara haifutiki, inahamia kwa mwingine. Maziwa yenye mabaki ya penisilini huwaua bakteria wema wanaogandisha mtindi na jibini, hivyo msindikaji mdogo hujikuta na pipa zima lisiloganda. Mlaji naye anakula dawa asiyoijua, na huenda ni ile ile ambayo mwili wake haupatani nayo.

Hasara ya wote

Kiuchumi, nguvu ya antibiotiki ni kama samaki wa Ziwa Victoria. Mvuvi mmoja akitumia wavu wa matundu madogo anapata faida leo, lakini ziwa ni la wote, na kesho yake wote wanavuta nyavu tupu. Kila dozi inayokatishwa siku ya pili kwa kuwa kuku wamechangamka, na kila kijiko kinachowekwa kwenye maji ya vifaranga wazima "kwa kinga", huacha hai bakteria wenye usugu. Hao huzaana, na usugu wao haubaki bandani. Hutoka na mbolea, nyama na mikono ya wahudumu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria sugu, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi, ndiko vifo vilikuwa vingi zaidi kwa idadi ya watu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006, na mwaka 2022 ukazuia pia matumizi ya kila siku ya kinga kwa mifugo mizima. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya mwelekeo huo mwaka 2017. Anayeota kuuza nyama nje ya nchi ajue kwamba milango hiyo inazidi kuwa myembamba.

Nini kifanyike?

Mfugaji mdogo hubahatisha kwa sababu pakiti ni nafuu na iko jirani, wakati uchunguzi unaonekana ghali na uko mbali. Njia ya kuubadili mzani huo ni kuchangia gharama. Wafugaji 10 wa mtaa mmoja wakichanga nauli na ada, wanaweza kumpeleka kuku aliyekufa muda si mrefu kwenye maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, iliyopo Temeke na yenye vituo vya kanda kama Arusha, Mwanza na Iringa. Jibu moja litawasaidia wote, kwani ugonjwa ukiingia mtaani mara nyingi haubagui banda.

Kwa muuzaji wa duka, antibiotiki nyingi kisheria ni dawa za cheti. Anayeuliza umri wa kuku, dalili na chanjo walizopata, kisha akamwelekeza mteja kwa daktari wa mifugo, anaweza kupoteza mauzo ya pakiti moja. Lakini mteja ambaye kuku wake wamepona hurudi kununua chanjo, chakula na vifaranga. Mteja aliyefilisika harudi.

Kwa Serikali, bei na upatikanaji wa chanjo na huduma za maabara vijijini ndivyo vitakavyoamua. Mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, ulioanza mwaka 2017 na kufuatiwa na wa pili wa 2023 hadi 2028, utabaki kwenye makabrati iwapo pakiti ya antibiotiki itaendelea kuwa karibu na mfugaji kuliko chanjo.

Wahenga walisema rahisi huwa ghali. Kabla ya kutoa fedha dukani, mfugaji aulize maswali matatu: ugonjwa huu ni wa bakteria kweli? Dawa hii inamfikia bakteria huyo mahali alipo? Na nitakaa siku ngapi bila kuuza? Akikosa jibu la hata moja kati ya hayo, fedha yake ibaki mfukoni hadi ampate wa kumjibu.