Tumeingizwa Boksi, Tena la Plastiki

Wasee, sarafu ya 40 bob ni 40 bob. Naanzia hapo kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii akiwa nayo kwenye droo, na ameshaambiwa TikTok kwamba amekalia laki.

Wiki jana mama mmoja jirani yetu hapa Majengo, Meru, alinionyesha yake. Ni ile ya 2003 ya metali mbili yenye uso wa Kibaki, iliyotolewa Kenya ilipofikisha miaka 40 ya uhuru. Yake iko ndani ya kiboksi cha plastiki, na juu kuna lebo ya rangi ya dhahabu. Simba yupo. Ile mistari ya supamaketi ipo. Imeandikwa kwa Kiingereza cha herufi kubwa kwamba ni adimu kupindukia, daraja 100, thamani shilingi laki nane. Alilipa 4,500 ili sarafu yake mwenyewe ifungwe hivyo, na hizo zilikuwa pesa za chama. Jamaa wa mtandaoni alimwambia kuna mnunuzi Dubai ambaye hagusi sarafu isiyokuwa na boksi. Tangu boksi lifike na matatu, jamaa hashiki simu.

Sasa kuna kitu sipendi kukisema. Mwaka jana mtu alinilipa 500 nimchoree lebo ya sarafu. Maagizo yake: weka simba, weka dhahabu, weka mistari ya kuskani. Nikaweka. Sikuuliza ni sarafu gani, sikuuliza nani ataiuziwa. Ile mistari niliichora tu, ukiiskani haisomi chochote. Lebo ya huyu mama si yangu, nimeangalia fonti mara tatu. Lakini ingekuwa.

Kwa hivyo msinitumie zile komenti za "si kila boksi ni feki bro". Najua. Kampuni za kweli zipo. PCGS na NGC ziko Marekani, moja ilianza kazi 1986 na nyingine 1987. Unawapelekea sarafu, wanaikagua kama ni halisi, wanaipa daraja kuanzia 1 hadi 70, halafu wanaifunga ndani ya plastiki ngumu iliyounganishwa kwa mawimbi ya sauti, ili mtu akijaribu kuifungua ivunjike na uone. Shika hiyo namba: mizani inaishia 70. Daraja 100 kwa lebo inayoiga hao ni kama mtu kukuonyesha cheti cha KCSE chenye A mbili na plasi juu.

Na kwa lebo ya kweli kitu cha maana huwa kidogo na hakina rangi. Ni namba ya usajili. Unaiingiza kwenye tovuti yao, inakuambia hiyo namba ni ya sarafu gani na daraja gani, mara nyingi na picha. Hata hapo usilale, kwa sababu matapeli huiga boksi zima na kubandika namba ya kweli waliyoiona mtandaoni. Linganisha picha na kitu ulichoshika, mkwaruzo kwa mkwaruzo. PCGS siku hizi huweka mpaka chipu ndani unayosoma kwa simu. Yaani wenyewe hawaamini plastiki yao, wewe unaamini ya jamaa wa Facebook?

Na tuko Meru, jameni. Hapa kibunda cha miraa kimefungwa kwa jani la mgomba, safi kabisa, na hakuna mzee atakayelipa kabla hajafungua aone kama ni giza au ni takataka. Jani kazi yake ni kuweka miraa freshi. Hakuna mtu amewahi kulipia jani. Sijui ni nini hutupata ikifika sarafu.

Wacha niwape mfano wa lebo inayoweza kukudanganya bila kuandika uongo hata mmoja. Chukua senti kumi ya Afrika Mashariki ya 1936, ile yenye tundu katikati. Mwaka huo kuna zenye jina la mfalme George wa Tano na kuna zenye jina la Edward wa Nane, yule aliyeacha kiti Desemba mwaka huohuo. Hakuna uso wa mfalme, kwa sababu tundu limekaa pale kichwa kingekuwa, kwa hivyo lazima usome maandishi ya pembeni. Kuna pia herufi ndogo, H au KN, zinazoonyesha kiwanda kilichoipiga huko Birmingham. Lebo ikisema tu "senti 10, 1936" imekuacha gizani. Ikisema "Edward VIII, mfalme wa miezi kumi na moja, ADIMU", imekuingiza boksi, maana za Edward zilipigwa kwa mamilioni na zinapatikana kwa bei ya chai na mandazi.

Tena, ukikata plastiki yako mwenyewe, angalia ni aina gani. Ile laini ya PVC, inayonuka kama pazia jipya la bafu, huachia utomvu wa kijani juu ya shaba baada ya muda. Nimeona mtu "amehifadhi" senti za babu yake hivyo hadi zikaonekana zimeota ukungu.

Sitaki kusikia eti tungoje serikali. Wanaofunga na kuuza sarafu hapa nchini wanaweza kuanza kesho. Kwa lebo andika nani alitoa sarafu, mwaka, thamani yake ya asili, metali, uzito kwa gramu, herufi ya kiwanda kama ipo, na kama imesuguliwa au la. Andika namba yako ya simu, ya kweli. Boksi liache ukingo wa sarafu uonekane, kwa sababu sarafu feki za kumwaga kwenye kalibu mara nyingi huwa na alama ya kiungo hapo ukingoni. Bei isiandikwe kabisa. Sarafu haijui itauzwa ngapi.

Na sisi tunaochora, tukiambiwa weka simba, tuulize sarafu iko wapi kwanza. Hiyo 500 mimi niliila kwa siku moja, chipsi na bando.

Kama uliuziwa boksi, nitumie picha tatu: lebo, sarafu upande wa mbele, na ukingo. Nitakuambia ninachokiona, bure. Mtu yeyote akikuomba pesa kwa jina langu, ni yule jamaa.