Santuri zinazotafutwa kwa udi na uvumba

MSOMAJI mpenzi, iwapo kijana wako amekuambia kwamba anadunduliza pesa anunue santuri yenye kelele za mashine, usikimbilie kumtafutia mganga. Ana wenzake wengi, na baadhi yao ni watu wazima wenye kazi na familia.

Muziki huo huitwa indastriali. Ulipata jina kutokana na Industrial Records, kampuni ndogo iliyoanzishwa jijini London mwaka wa 1976 na kundi la Throbbing Gristle. Kundi hilo lilikuwa na watu wanne, na mmoja wao, Chris Carter, alijiundia mwenyewe vyombo vya umeme. Usitarajie kibwagizo cha kuimbia jikoni. Ni mivumo, milio na sauti za watu zilizopotoshwa kwa mitambo.

Mwaka wa 1977 walitoa The Second Annual Report. Nakala za toleo la kwanza zilikuwa 785 tu. Jalada lilikuwa jeupe, lililobandikwa vipande vya karatasi vyenye maandishi. Hizo ndizo wakusanyaji huzitafuta kwa udi na uvumba.

Hata hivyo, jihadhari. Santuri hiyo imetolewa upya mara kadhaa, ikiwemo na kampuni ya Mute mwaka wa 2017. Asiye mwangalifu anaweza kuuziwa ya juzi kwa bei ya ile ya 1977.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Jalada jeupe mtu yeyote anaweza kuliiga. Itoe santuri, uiinamishe chini ya taa, utazame ile sehemu laini iliyo kati ya mwisho wa muziki na karatasi ya katikati. Hapo huwa pamekwaruzwa herufi na tarakimu. Zilinganishe na zile ambazo wakusanyaji wameorodhesha. Ukinunua kupitia intaneti, omba picha ya sehemu hiyo kabla ya kutuma hata shilingi. Muuzaji akikataa, funga mkoba wako.

Isitoshe, jiulize: unataka muziki au unataka nakala? Ikiwa ni kusikiliza tu, toleo jipya linatosha. Anayetaka la kwanza ananunua kipande cha historia, na thamani yake hushuka kwa mkwaruzo mmoja au jalada kulowa. Usiifanye kuwa benki yako. Karo ya shule haingoji mnunuzi apatikane.

Ukishaipata, isimamishe wima kama kitabu, mbali na jua lisije likaipinda, na uishike ukingoni.

Nawe mzazi, kabla ya kumcheka mwanao, hebu fungua lile sanduku la babu lililo chini ya kitanda. Wapo wageni wanaotafuta santuri zetu za zamani za Afrika Mashariki kwa bidii iyo hiyo. Usizitupe kabla hujazisoma tarakimu zake.

Tukutane Jumapili ijayo.