Kulengwa, Kulengeka na Kudhurika: Sarufi ya Kinga katika Michezo ya Karata

Mchezo wa karata ni lugha kabla ya kuwa bahati. Katika mchezo wa kadi unaochezwa kote nchini, maskani za Likoni, Kisauni na Changamwe zikiwemo, atupiwaye mbili au tatu huokota karata za adhabu, ila awe na ree ya kujikinga. Sheria hii hupokezanwa kwa mdomo: “Ree inazuia.” Inazuia nini? Yaifuta adhabu, au yamkinga aliyeitupa tu na kumsukumia mchezaji afuataye? Kitenzi kisipotajiwa shamirisho, mwenye sauti kubwa ndiye huwa hakimu.

Michezo ya karata za kukusanya na kubadilishana hutegemea maneno zaidi, kwani kila karata huchapishwa sheria yake. Katika Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, mna kinga mbili zinazokaribiana. Ya kwanza, iliyopewa jina rasmi mwaka 2007, hukataza kiumbe kulengwa na yeyote, hata mwenyewe anayetaka kumwongezea nguvu. Ya pili, iliyopewa jina mwaka 2011, humkataza mpinzani pekee. Tofauti yote imo katika kumtaja mtenda au kutomtaja.

Hapa Kiswahili hakihitaji kuazima. Kauli ya kutendeka haimpokei mtenda: “Kiumbe huyu halengeki” yamfungia kila mtu mlango. Kauli ya kutendwa humpokea: “Halengwi na mpinzani” yamwachia mwenyewe nafasi. Aidha, kulengwa si kudhurika. Karata inayoangamiza viumbe wote bila kumchagua hata mmoja huwapitia wenye kinga zote mbili, kwa sababu haikumlenga yeyote. Mfasiri atakayeandika “hadhuriki” atakuwa ametunga sheria mpya.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo tu. La hasha! Mkataba wa upangaji na sheria ya bunge hukinga watu kwa vitenzi vivi hivi. “Mpangaji hafukuzwi na mwenye nyumba” haimzuii dalali. Mnyambuliko wa vitenzi hufundishwa kama orodha ya viambishi vya kukaririwa kwa mtihani. Ilhali ni chombo cha haki. Wanafunzi wa Kiswahili na waanze kuziandika sheria za maskani kwa Kiswahili sanifu. Atakayeweza kuikinga ree kwa sentensi moja isiyo na utata ataweza pia kumkinga mpangaji.