Risala ya Wakaazi Wanaozungumza Kiswahili kwa Baraza la Jiji la Portland, Maine, Kuhusu Leseni na Maeneo ya Maduka ya Bangi

Mheshimiwa Meya, Waheshimiwa Madiwani,

Sisi tunaowaandikia ni wakaazi wa jiji hili tuliotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Baadhi yetu ni raia na tunapiga kura hapa. Baadhi tulilala ndani ya ukumbi wa michezo wa Expo, jiji lilipoutumia kuwahifadhi wanaoomba hifadhi mwaka 2019 au 2023, na hadi leo tunasubiri kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Hatuji kuomba maduka ya bangi yafungwe. Wananchi wa Maine waliamua jambo hilo kwa kura mwaka 2016, kwa tofauti ndogo mno, lakini waliamua, na mauzo yakaanza Oktoba 2020. Tunakuja kwa sababu leseni mnazotoa zinampa mwenye duka uhakika, zinampa mnunuzi mwenye uraia uhakika, na zinamwacha mgeni akidhani kwamba naye amepewa. Hajapewa.

Tuanze na ajira, maana huko ndiko tunakoumia zaidi. Kijana amengoja miezi mingi kibali cha kazi. Siku anayokipata, anakuta tangazo la kuajiri kwenye dirisha la duka katika Forest Avenue au Congress Street. Kazi ni ya ndani, penye joto wakati wa theluji, na haidai cheti cha chuo. Anaomba. Jimbo linachukua alama za vidole vyake, linamchunguza kama ana makosa ya jinai, linampa kadi ya utambulisho ya mfanyakazi wa bangi. Ukutani dukani imetundikwa leseni yenye jina la jiji. Kila mlango aliopitia una muhuri wa serikali. Kwa nini basi ashuku?

Lakini serikali ya shirikisho bado inaihesabu bangi kuwa dawa inayodhibitiwa, na mambo ya uhamiaji yako mikononi mwa serikali hiyo, si mwa Maine wala Portland. Tarehe 19 Aprili 2019, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilitoa mwongozo ulio wazi: mtu aliyejihusisha na bangi, ikiwa ni pamoja na kuajiriwa katika biashara hiyo, anaweza kuhesabiwa kuwa hana mwenendo mwema unaotakiwa kwa mwombaji wa uraia, hata kama jimbo lake limeihalalisha. Fomu ya kuomba uraia yenyewe inauliza kama umewahi kuuza, kusambaza au kuzalisha dawa zinazodhibitiwa. Aliyefanya kazi kaunta akijibu ndiyo, amejiweka hatarini. Akijibu hapana, amedanganya chini ya kiapo, na uongo huo peke yake unatosha kumnyima uraia. Mwezi huohuo wa Aprili, Meya wa Denver wakati huo, Michael Hancock, alikutana na wahamiaji wawili, mmoja kutoka Lithuania na mwingine kutoka El Salvador, waliokuwa wakiishi nchini kihalali na wakakataliwa uraia kwa sababu waliwahi kufanya kazi katika bangi iliyohalalishwa Colorado. Aliiandikia barua Wizara ya Sheria. Jiji hilo liliona kwamba leseni zake zinaweza kuwaponza watu wake, nalo likasema hadharani.

Portland haijatuambia. Katika jumuiya yetu mtu huyajua haya akiwa ameketi mbele ya wakili, kazi ikiwa imeshafanywa na jina lake likiwa limeshaingia kwenye kumbukumbu za jimbo.

Kununua nako kuna hatari zake. Maine inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi kuwa na aunsi mbili na nusu, gramu 70 hivi. Kwa mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, ruhusa hiyo inaishia mpakani. Wengi wetu tuna ndugu Montréal, Kanada, na hakuna msiba wala harusi inayopita bila gari kwenda kaskazini. Wakati wa kurudi, afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza kuhusu bangi. Sheria ya uhamiaji haingoji hukumu ya mahakama: kukiri tu kwa afisa kunaweza kumfungia mtu mlango wa kuingia tena. Na ziko familia zinazoishi Kennedy Park, Riverton Park na Sagamore Village, katika nyumba zinazolipiwa na fedha za shirikisho. Huko bangi ni marufuku, na kinachoonekana katika chumba cha kijana mmoja kinaweza kuitia mashakani nyumba nzima, bibi na watoto wadogo wakiwamo.

Kwa hiyo dai letu la kwanza, ambalo tunaliweka mbele ya mengine yote, ni kwamba onyo liwe sharti la leseni. Kila duka, linapoomba au kuhuisha leseni ya jiji, lithibitishe kwamba kila anayeomba kazi anapewa, kabla ya kujaza fomu yoyote, karatasi inayoeleza hatari ya kazi hiyo kwa asiye raia, na kwamba bango lenye maneno hayo liko mlangoni na penye malipo. Liandikwe kwa Kiswahili, Kifaransa, Kilingala, Kireno, Kinyarwanda, Kisomali na Kiarabu, na maneno yake yapitiwe na mawakili wa uhamiaji. Uwezo mnao. Sheria ya Maine inaliacha jimbo litoe kwanza leseni ya masharti, kisha duka haliwezi kufungua mlango mpaka mji uliidhinishe. Basi idhini hiyo itumike pia kumlinda mkaazi. Gharama ya kutafsiri ukurasa mmoja itoke kwenye ada mnazowatoza wenye maduka.

Sasa maeneo. Mwaka 2020 baraza liliweka kikomo cha maduka 20, na umbali wa futi 250 kati ya duka na duka. Novemba ya mwaka huo kura ya wananchi ilifuta kikomo na kupunguza umbali hadi futi 100, yaani mita 30 hivi. Wengi wetu hatukuwa na haki ya kupiga kura ile, ingawa mitaa iliyoguswa ndiyo tunamoishi. Kanuni za jiji zilikuzuieni kubadilisha uamuzi wa wapiga kura kwa miaka mitano. Miaka hiyo imekwisha. Tunadai mrudishe umbali wa futi 250, na mjadili upya kikomo cha idadi.

Kuhusu umbali kati ya duka na shule, jimbo linataka futi 1,000, ila linauruhusu mji kushuka hadi 500. Kipimo hicho kinaangalia shule, lakini watoto wetu hawakai shuleni tu. Kuna mama anayelea watoto wa majirani sebuleni kwake ili wazazi wao wawahi zamu ya alfajiri. Kuna chuo cha Kurani cha jioni, na mazoezi ya kwaya ya Jumamosi. Tena liko jambo ambalo pengine halionekani kutoka ukumbi wa baraza. Makanisa na misikiti yetu haina majengo yake. Tunapanga vyumba vilivyokuwa maduka au maghala, kwa kuwa ndivyo tunavyovimudu, na vyumba hivyo viko katika kanda za biashara, zilezile ambamo duka la bangi linaruhusiwa kufunguliwa. Kanisa la zamani lenye kiwanja chake na miti mbele linasimama mbali na biashara hii bila kuhitaji ulinzi wa kanuni yoyote. La kwetu linapakana nayo ukuta kwa ukuta, na mkataba wa pango ukiisha, mwenye jengo anaweza kumchagua mpangaji mwenye fedha zaidi. Tunadai nyumba za ibada na sehemu za malezi ya watoto zenye kibali, ziwe za kupanga au za kumiliki, zipimwe kama shule, na kipimo hicho kisishuke chini ya futi 500.

Harufu ya vituo vya kulimia bangi hatutaisemea mengi. Wakaguzi waje jioni, madirisha yanapokuwa wazi, wasije saa nne asubuhi tu.

La mwisho ni taarifa. Ombi la duka jipya linapofika, jirani asiyesoma Kiingereza hupata habari siku bango la duka linapopandishwa. Tunadai taarifa ya kila ombi ibandikwe kwenye jengo linalohusika na ipelekwe kwa wapangaji, si kwa wenye majumba peke yao, kwa lugha tulizotaja. Mwenye jumba huenda anaishi Falmouth au Boston. Anayepita mbele ya duka lile kila asubuhi akimpeleka mtoto shule ni mpangaji.

Tunaomba madai haya yaingizwe kwenye ajenda ya kikao cha wazi, baada ya saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wametoka zamu, na mkalimani wa Kiswahili awepo. Tunaomba pia jibu la maandishi kuhusu dai la kwanza kabla ya maduka kuanza kuhuisha leseni zao. Karatasi ile ya onyo haihitaji kungoja mjadala wa futi na kanda. Inaweza kuanza kugawiwa hata wiki ijayo.

Ni sisi, wakaazi wenu wa Portland.