Ardhi Si Sakafu

Wako mabwana ambao kila wakiona shamba la mwananchi lenye mahindi, kunde, maboga na mbaazi pamoja, hutikisa kichwa na kusema, "Tazameni uvivu huu." Maneno hayo babu zetu waliyasikia kwa Bwana Shamba wa kikoloni. La ajabu ni kwamba sisi tunaozunguka vijijini kwa kazi ya chama tungali tunayasikia leo, tena vinywani mwa ndugu zetu wenyewe. Shamba bora, wanasema, ni la zao moja, mistari imenyooka, na ardhi kati ya mistari iwe tupu kama uwanja wa gwaride. Twataka kuwajibu mabwana hawa, wala hatutawajibu kwa hasira tu. Tutawajibu kwa elimu ile ile wanayojivunia.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tulichorewa udongo ubaoni: mchanga, mfinyanzi, mboji, kila tabaka na mstari wake. Tukanakili, tukafaulu mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba ile picha ilikuwa ya nyumba bila wenyeji. Kijiko kimoja cha chai cha udongo mzuri huweza kuwa na bakteria wapatao bilioni moja, mbali na kuvu wenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, na wadudu wasioonekana kwa macho. Mwaka 2023 wataalamu walikadiria kwamba katika kila aina 100 za viumbe vilivyomo duniani, kama 59 huishi udongoni. Umati huo wote unakula nini?

Unakula kwa mkono wa mmea. Jani hutengeneza chakula kwa jua, na sehemu isiyo ndogo ya chakula hicho hushuka mizizini ikatolewa nje, sukari na vitu vingine, kuwalisha waliomo gizani. Nao hulipa. Tangu mwaka 1888 wanasayansi Hellriegel na Wilfarth wa Ujerumani walionyesha kwamba vile vinundu katika mizizi ya jamii ya kunde ni makao ya vijidudu vinavyoitwaa naitrojeni ya hewani na kumpa mmea. Miaka mitatu kabla yao, mwenzao Frank alikuwa ameeleza jinsi kuvu na mzizi wanavyoishi kwa ushirika: kuvu huleta maji na fosforasi kutoka mahali mzizi usipofika, mzizi hutoa sukari. Hapa ndipo penye siri ambayo mabwana wa mstari mmoja hawaitaki. Mimea hailishi wageni wale wale. Mzizi wa mbaazi unakwenda chini sana, wa mahindi unasambaa juu. Kunde ina vinundu, mahindi hayana. Kabeji na jamaa zake hata hawana ushirika na wale kuvu tuliowataja. Majani yakianguka, ya huyu huoza upesi, ya yule hukaa. Basi ukipanda zao moja mwaka hata mwaka, umepika chungu kimoja kwa mji mzima. Wasiokila chakula hicho watahama au watakufa, na wanaobaki wengi ni wale wanaolipenda zao hilo kwa kulila.

Watasema hayo ni maneno ya jukwaani. Haya, twende Jena, mji wa Ujerumani, ambako tangu mwaka 2002 wataalamu walipanda vitalu vya majani ya malishoni: vingine aina moja tu, vingine 2, 4, 8, 16, hata 60. Kadiri aina za mimea zilivyoongezeka ndivyo viumbe vya udongoni vilivyoongezeka na kufanya kazi zaidi, na ardhi ikaweka akiba kubwa zaidi ya mboji. Lakini yafaa kulisema hili kwa sauti: matokeo hayo kwa vijidudu hayakuonekana msimu wa kwanza. Yalihitaji miaka kadhaa. Ndiyo sababu shamba la maonyesho la msimu mmoja, lenye bendera na picha za gazetini, haliwezi kamwe kumwambia mkulima ukweli wote.

Na tusiende mbali. Huko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Nyanza upande wa Kenya, kituo cha ICIPE kimepanda mahindi pamoja na desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa chini, ambao hupunguza kiduha na kuwafukuza nondo wa funza wa mabua. Watafiti walipolinganisha udongo wa mashamba yaliyolimwa hivyo zaidi ya miaka 10 na wa mahindi peke yake, walikuta jamii za viumbe vyake zimebadilika, hasa za kuvu. Na vihamba vya Wachagga je? Migomba, kahawa, magimbi, miti mirefu juu yake. Zaidi ya aina 500 za mimea zimehesabiwa humo. Mwaka 2011 FAO iliutambua urithi wa kihamba cha Shimbwe Juu. Uvivu gani huu unaopewa heshima na ulimwengu?

Sasa tuwatazame waliotufundisha bidii. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilikubali mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3 za Afrika ya Mashariki na Rhodesia ya Kaskazini. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matingatinga yaling'oa pori pamoja na mizizi, ardhi ikaachwa uchi, na kiangazi kilipokuja ikawa ngumu kama tofali la kuchoma. Januari 1951 mpango ulifutwa. Pauni kama milioni 36 zilikuwa zimekwenda na maji. Hatusemi kwamba vijidudu peke yao ndivyo vilivyowashinda. Mvua ilikuwa haba na mashine zilikuwa mbovu. Twasema kwamba waliiona ardhi kuwa ni sakafu ya kusimamishia mazao, na wazo hilo halikuondoka na meli zao.

Wala sisi si maadui wa mbolea ya dukani. Fosforasi haitoki hewani, na shamba lililochoka sana haliponi kwa kunde tu; anayemwambia mkulima aache mfuko mara moja anamdanganya. Lakini mwaka 2022 vita vya Ulaya vilipopandisha bei ya mfuko, ni nani aliyetetemeka zaidi? Ni yule ambaye ardhi yake ilikuwa imekwisha kuuawa njaa, asiye na akiba yoyote chini ya miguu yake.

Kwa hiyo twadai: panapotolewa ruzuku ya mbolea na mbegu za mahindi, itolewe pia mbegu ya mbaazi, kunde na maharage. Mabua yasichomwe. Shamba la mfano la kijiji lipimwe kwa miaka mitano, si kwa msimu. Na Bwana Shamba akija kusifu ardhi tupu, ndugu, msimtukane. Mpeni jembe achimbe mashimo mawili ya kina kimoja, moja kwenye mstari wake na jingine chini ya mbaazi ya bibi kizee jirani, kisha ahesabu nyungunyungu mbele ya mkutano.